Ushuhuda Kati ya Nyimbo Mbili

Mjomba wangu na mkewe walitoa santuri moja tu maishani mwao, na hakuna duka lililowahi kuiuza. Waliigharimia wenyewe huko Nairobi, katika studio ya chumba kimoja ambayo kwa kawaida ilirekodi matangazo ya sabuni na nyimbo za densi. Mjomba alikuwa karani wa reli na alisafiri kwa pasi ya kazini. Mkewe alikuwa muuguzi katika hospitali ya Mulago. Mtaa mzima ulimwita Sista, nami nilimwita hivyo hivyo, ingawa kwa desturi ya ukoo nilipaswa kumwita mama.

Yeye alipiga gitaa. Mjomba alipiga adungu, kile kinubi kilichopinda cha kwao magharibi ya Nile. Gitaa lilikuwa la mmisionari mmoja aliyepewa muda mfupi wa kuondoka nchini, akaliacha mikononi mwa Sista pamoja na paka. Paka alikufa, gitaa likabaki. Katika miaka ile mwanamke aliyeshika gitaa alidhaniwa kuwa wa baa, kwa hiyo Sista alilipiga akiwa amevaa sare yake nyeupe kila ilipowezekana, ili asiyemjua aanze kwa kumdhania mema.

Waliimba kwa Kiswahili, na jambo hili lilihitaji maelezo Kampala. Mjomba hakukijua Kinyankole cha mkewe, mkewe hakukijua Kialuri cha mumewe, na Kiganda wote wawili walikijua cha sokoni tu. Kiswahili ndicho walichochumbiana nacho, kwenye steshini, Sista akisubiri treni iliyochelewa na mjomba akiwa na wajibu wa kueleza kwa nini imechelewa. Lakini kwa watu wengi wa mji ule Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi wa kizuizi cha barabarani: ndicho ulichoulizwa nacho kitambulisho, na ndicho ulichoamriwa nacho kulala kifudifudi. Niliwahi kumwona mama mmoja katika kikao cha maombi akishtuka na kuukumbatia mkoba wake Sista alipoanza kuimba. Baada ya ubeti mmoja akauweka chini. Hakuushika tena hadi wimbo ulipokwisha.

Nilihamia kwao, katika nyumba za reli pale Nsambya, mwaka ule ambao msimamizi wa tasnifu yangu alichukuliwa. Nitalieleza jambo hilo kwa kiasi kinachohitajika hapa. Nilikuwa nimekaa mbele yake akinisomea maoni yake juu ya sura yangu ya tatu. Wanaume wawili wakaingia bila kubisha. Akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi zangu, akatoka nao. Hakurudi. Kilichonipata baada ya hapo hakikuwa huzuni, angalau si mara moja, bali tabia ya kuhakiki. Nikifunga mlango, nilirudi kuutazama. Nikisema sentensi mbele ya mtu nisiyemjua, niliirudia kichwani njia nzima, neno kwa neno, nikitafuta lile ambalo lingeweza kunidhuru. Tasnifu yenyewe ilihusu nyimbo za kazi za vibarua wa reli, na kwa kuwa mjomba alizijua nyingi, nilijiambia kwamba nimehamia kwake kwa sababu za utafiti.

Mjomba na Sista walikuwa watu waliookoka. Kikundi chao kilikutana Ijumaa jioni sebuleni, bila jina wala bango, kwa sababu makundi mengi ya dini yalikuwa yamepigwa marufuku na hakuna aliyekuwa na hakika marufuku hiyo iliishia wapi. Miongoni mwao, kuimba peke yake hakukutosha. Wimbo usiotanguliwa na ushuhuda ulihesabiwa kuwa maonyesho. Na ushuhuda ulikuwa na sheria zake: useme lililotokea kweli, usijipambe, na usimwache nje mtu ambaye Mungu alimtumia kukusaidia, kwa maana kumwacha nje ni kumwibia Mungu sifa zake. Uongo haukuruhusiwa, hata ule mdogo wa adabu. Sukari ilipoadimika mjini, wageni walizoea kusifu chai chungu wanayopewa. Sista aliwakatiza na kuwaambia kwamba chai hiyo si nzuri, na kwamba angewapa nzuri kama angekuwa nayo.

Nyuma ya nyumba za reli zilikuwa nyumba za polisi. Tulitenganishwa na ukuta uliobomoka mahali pamoja, na tuliunganishwa na bomba moja la maji. Karibu na bomba hilo aliishi mwanamke tuliyemwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili. Alitoka kaskazini, Mwislamu, aliyeolewa na Mkatoliki, na watoto wao walihudhuria ibada yoyote iliyokuwa na chai baada yake. Alikaanga mandazi uani na kuwauzia askari waliokuwa wakielekea zamu. Mumewe alikuwa dereva wa polisi aliyeazimwa na ofisi ambayo hatukuitaja hata tukiwa ndani ya nyumba. Alirudi kwake alipopenda, akakaa alivyopenda, na akiwa nyumbani mtaa mzima ulipunguza sauti za redio.

Mwaka huo mjomba alimficha mtu. Alikuwa mwalimu wa kanisa aliyewaombea wafungwa hadharani, akiwataja mmoja mmoja. Alilala stoo kwetu, kati ya magunia ya mkaa. Siku askari walipokuja kumtafuta ilikuwa mchana, nguo zikiwa kambani, mjomba na Sista wakiwa kazini. Waliupekua mstari wetu wa nyumba kuanzia ile ya juu. Mimi nilikuwa mezani na karatasi zangu, na nilipowaona nilibaki nimekaa, nikitafakari kwa utulivu wa ajabu kama mtu asiye na hatia angesimama au angeendelea kuandika. Sijapata jibu hadi leo. Aliyetenda alikuwa Mama Pacha. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila salamu, akamtoa mwalimu stoo kwa kumshika mkono kama mtoto, akapita naye penye ukuta uliobomoka, akamlaza kitandani kwake, akamfunika koti la polisi la mumewe mpaka juu ya kichwa.

Walipofika mlangoni kwake aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba bwana mwenyewe alirudi alfajiri akiwa amelewa, na kwamba mwenye ubavu aingie amwamshe. Walimjua huyo bwana. Walichungulia, wakaliona koti, wakachukua mandazi, wakaenda zao. Mwalimu aliondoka baadaye katika treni ya mizigo, na tukapata habari kwamba alifika Kenya.

Mama Pacha hakutaka shukrani. Alitaka asitajwe, basi, na alimweleza Sista sababu yake pale bombani, akiwa ameshika ndoo.

"Serikali itaniua mara moja," alisema. "Huyu bwana yangu, akisikia mwanaume mwingine alilala kwa kitanda yake, ataniua kila siku."

Sista alimwahidi kwamba hatalitaja jina lake.

Safari ya Nairobi ilifanyika miezi kadhaa baada ya hapo. Sikuwapo, nasimulia nilivyosimuliwa. Fundi wa sauti, mtu mpole asiye na dini yoyote, aliwaweka mbele ya kipaza sauti kimoja na kuwaeleza kwamba kwa kila upande utepe ungekwenda moja kwa moja, wao waache pumzi tu kati ya wimbo na wimbo. Upande wa kwanza ulikwenda hivyo. Upande wa pili ulimalizikia na wimbo ambao Sista aliutunga kwa ajili ya binti yao, aliyefariki kwa surua akiwa mdogo, katika wodi ileile ambamo mama yake alikuwa zamu. Wimbo huo haukutaja kifo. Ulihesabu vitu ambavyo mtoto alivipenda: ukoko wa ugali, mvua juu ya bati, kuvaa viatu vya baba. Sista hakuwahi kuuimba bila kutoa ushuhuda kwanza, kwa kuwa aliogopa kwamba bila ushuhuda angekuwa anamlalamikia Mungu tu. Basi alifumba macho, akasahau mashine, akashuhudia. Mjomba aliitikia "Amina". Fundi akadhani ndivyo nyimbo za dini zinavyorekodiwa.

Santuri zilikuja na treni katika masanduku ya mbao chini ya kiti cha mjomba. Mpakani afisa wa forodha alimuuliza amebeba nini, na mjomba, ambaye kwa muda mrefu nimejaribu kumwazia akijibu kitu kingine chochote, alijibu kwamba amebeba nyimbo za Mungu. Afisa akamwambia mwenziwe kwamba siku hizi hata vichaa wanapewa pasi za reli, akampungia mkono apite.

Masanduku yalifika nyumbani katikati ya wiki. Kwa kanuni yao hakuna santuri ambayo ingetoka kabla ya kikundi kuziombea siku ya Ijumaa, lakini kusikiliza kuliruhusiwa. Tulikuwa na gramafoni ya betri iliyonunuliwa soko la Owino, mali ya awali ya familia ya Kihindi iliyoondoka, yenye mahali pa sindano paliporekebishwa kwa waya. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika maneno ya nyuma ya jalada kwa Kiswahili sanifu, ambacho mjomba alikisoma kwa heshima na bila kukielewa vyema, hivyo nilijiona kuwa na haki ya kuketi karibu.

Sauti zao zilikuwa nzuri kuliko nilivyozizoea. Adungu ilisikika kama kitu kizito kinachodondoka majini mbali kidogo, na gitaa la Sista lilitembea mbele yake bila kuharakisha. Kisha, katika upande wa pili, kabla ya wimbo wa mwisho, ikaja sauti ya Sista akizungumza.

"Nataka kumshukuru Mungu kwa ajili ya jirani. Si wa imani yetu. Anakaanga mandazi karibu na bomba la maji, na ana mabinti wawili waliozaliwa siku moja. Walipokuja kumtafuta mtumishi wa Mungu, alimlaza kitandani kwake, akamfunika koti la mume wake. Jina lake Mungu analijua."

"Amina," alisema mjomba ndani ya santuri. Na mjomba aliyekaa kando yangu alisema "Amina" pamoja naye.

Wimbo wa mtoto ukaanza. Sikuusikia. Nilikuwa nimeshaanza kuirudia ile sentensi kichwani, kama nilivyozoea kuzirudia zangu, isipokuwa safari hii sikulazimika kutafuta neno la hatari, kwa maana hapakuwa na neno salama. Nilinyanyua sindano.

"Sista," nilisema, "hukulitaja jina lake."

"Sikulitaja. Niliahidi."

"Umetaja kila kitu kingine."

Alinitazama kwanza kama anayesubiri niendelee. Kisha nikaona uso wake ukibadilika taratibu, jinsi uso wa mtu unavyobadilika anapohesabu vidonge alivyokwisha kumpa mgonjwa. Nimelifikiria sana kosa lake, na sidhani mtu mwingine angeweza kulifanya. Mwongo angemficha Mama Pacha barabara, kwa vile mwongo anajua kwamba watu hutambuliwa kwa mengi kuliko majina. Sista alizoea kusema kila lililotokea, na alipoombwa kunyamaza, alinyamazia kile alichoombwa kwa usahihi mkubwa, na chochote kilichobaki akamtolea Mungu.

Mjomba alipendekeza waombe kwanza. Sista alisema ataomba njiani. Kwao, ukimkosea mtu, humsubirishi. Unamwendea kabla jua halijatua na unaliweka jambo mbele yake. Alipita penye ukuta uliobomoka akiwa bado na sare. Nilimfuata kwa sababu nilihofu kwamba angesema zaidi ya inavyotakiwa, tena kwa sauti.

Alisema yote, wala hakupandisha sauti. Mama Pacha alikuwa akikanda unga. Hakuacha kukanda. Aliuliza nani wameisikia. Akaambiwa sisi watatu. Aliuliza huko Nairobi je. Akaambiwa fundi, ambaye hamjui mtu yeyote Kampala. Akakanda tena kidogo.

"Huyu Mungu yenu," alisema hatimaye, "hana siri hata moja?"

Sista alisema kwamba anaomba msamaha. Mama Pacha alijibu kwamba msamaha ungoje. Kwanza anataka kusikia mwenyewe. Akaja na unga mikononi, akaketi kwenye mkeka mbele ya gramafoni, nami nikaurudisha ushuhuda. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hata mandazi umeweka."

"Ndiyo," alisema Sista.

"Tangazo mzuri. Ungesema pia nauza mpaka saa ngapi."

Hakuna aliyecheka. Mabinti zake walikuwa wakiruka kamba nje, na mumewe alitarajiwa wakati wowote, kwani hakuwahi kutoa taarifa. Huyo bwana alikuwa na radiogramu kubwa, redio na gramafoni katika kabati moja, alipenda muziki, na alizoea kujichukulia santuri yoyote mpya iliyoingia mtaani. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Mimi tu ndiye niliyeona haja ya kulisema.

Mjomba alifikiri santuri zinaweza kurudishwa Nairobi zikagawiwe huko. Nilimweleza kwamba santuri husafiri kuliko watu, na kwamba kila mtu aliyeokoka Nairobi ana ndugu aliyeokoka Kampala. Ndipo nilipotoa wazo langu mwenyewe, nililokuwa nimelipima kwa makini. Ukiitazama santuri kwenye mwanga, mahali pasipo na muziki mzito huonekana kama utepe wa rangi tofauti. Ushuhuda ulionekana wazi, utepe mwembamba kati ya nyimbo mbili. Nilisema kwamba kwa msumari na rula tungeweza kuukwaruza utepe huo pekee, sindano ikaruka juu yake, na wimbo wa mtoto ukasalimika. Sista aliniangalia kwa shukrani niliyoiona kuwa nzito mno kwa mpango ambao haujajaribiwa.

Nilikwaruza moja. Tuliiweka. Wimbo wa kabla yake ulikwisha, sindano ikaingia penye mkwaruzo wangu, ikakwama.

"...koti la mume wake... koti la mume wake... koti la mume wake..."

Ilirudia hivyo, kwa sauti tulivu ya Sista, na ingerudia hadi betri zife. Sote tulikaa tukiitazama. Ni Mama Pacha aliyeinyanyua sindano, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kujishika mbavu, hadi ikambidi aegemee ukuta.

"Sasa imekuwa wimbo," alisema. "Hii watoto wataishika haraka."

Alipotulia, alijifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya unga. Hapo ndipo Sista alipouliza, akiniuliza mimi kana kwamba nilikuwa daktari wa vitu hivyo, kama kuna njia ya kuua upande mmoja na kuuacha mwingine uishi. Nilisema kwamba upande mzima ukisuguliwa kwa msasa, mifuo yote inayopitiwa na sindano itafutika na upande wa kwanza hautaguswa. Nilisema pia, kwa kuwa niliona ni wajibu wangu kulisema, kwamba wimbo wa mtoto utakwenda pamoja na ushuhuda, na kwamba fundi alimwambia mjomba utepe wenyewe wa studio ungetumiwa tena kwa kazi nyingine, kama ilivyo desturi yao. Wimbo hautabaki popote.

Mjomba aliishika adungu yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Alisema wangeweza kuuimba tena siku moja. Sista alisema hapana, hataweza. Kule Nairobi aliuimba vizuri kwa sababu alisahau kwamba anaimba. Halafu akamwambia mumewe aende karakana akatafute msasa.

Nilimsikia baadaye akisimulia jinsi alivyoupata. Msimamizi wa maseremala alimuuliza wa nini, naye akajibu kwamba ni wa kufutia maneno. Msimamizi akauliza kama maneno hayo ni ya uongo. Mjomba akasema ni ya kweli kabisa, na ndiyo shida. Msimamizi, mtu aliyeishi mji ule ule tuliokuwa tukiishi sisi, hakuuliza tena, alimwongezea kipande.

Kabla hatujaanza, Mama Pacha aliomba kuusikia wimbo wenyewe. Alimjua mtoto. Kuna majira alimbeba mtoto huyo mgongoni wakati Sista alipokuwa zamu, mabinti zake wakitambaa miguuni. Tuliuweka. Wakati wa ukoko wa ugali alitikisa kichwa akisema polepole, "Kweli, kweli, alipenda." Ulipokwisha akavuta santuri ya kwanza kutoka kwenye sanduku, akaiweka magotini, akasema bismillahi, akaanza kusugua.

Mimi nilikuwa nimefundishwa kuhifadhi. Hilo ndilo jambo pekee ambalo chuo kilikuwa kimenipa na hakijaninyang'anya: kwamba kitu kilichoimbwa kikipotea, hasara yake haina fidia. Nikasema, kwa lugha ya mbali kidogo, kwamba pengine nakala moja ingeweza kuwekwa mahali pa siri, kwa ajili ya utafiti, hadi mambo yatakapobadilika. Nilieleza jinsi ambavyo ingefungwa. Mama Pacha alinisikiliza hadi mwisho, mkono ukiendelea kuzunguka.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Weka kichwani. Kichwa ndiyo hawawezi kupekua."

Sikubishana. Nilichukua kipande changu cha msasa. Kusugua santuri si kazi ngumu, ila inatoa sauti inayofanana na mtu anayefagia ua mkavu, na vumbi lake jeusi huingia kwenye kucha. Tulifanya hivyo alasiri ile na siku iliyofuata. Sista alisugua kwa utaratibu, kutoka ukingoni kuelekea kati, kama anavyosafisha kidonda. Kila santuri iliyomalizika niliiweka kwenye gramafoni na kusikiliza upande huo mzima, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta silabi iliyosalia. Nilijua kwamba nazidisha. Hakuna aliyenizuia. Nyuma ya kila jalada mjomba aliandika kwa wino: Upande wa pili haupo.

Ijumaa kikundi kilikutana. Sista alisimama, akasema kwamba ulimi wake ulimweka mtu hatarini, kwamba amemwendea mtu huyo na kumwomba msamaha. Mzee mmoja, kwa mujibu wa desturi, alimtaka alilete jambo lote nuruni: mtu yupi, hatari gani. Sista alijibu kwamba jambo hilo si lake kulileta. Walikuwa watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wameambiana kila kitu, wivu, matamanio, sabuni iliyoibwa hospitalini, na sasa mmoja wao alikuwa amekataa. Wawili hawakuja Ijumaa iliyofuata. Santuri ziliombewa hata hivyo, zikagawiwa, na watu wakazipenda kwa upande wake mmoja.

Mume wa Mama Pacha alirudi Jumapili moja mchana. Mabinti zake tayari walikuwa wakiziimba nyimbo za upande wa kwanza bombani, naye akauliza wamezitoa wapi. Akatuma tuitwe, sisi na santuri, tuje tusikilize pamoja kwenye chombo cha maana. Mjomba alivaa koti lake la kanisani. Tuliketi kwenye makochi ya mwenyeji wetu, ambaye alikuwa mtu mwenye adabu nyingi na sauti laini, mwenye kidole kimoja kilichofungwa bendeji. Alimuuliza Sista kama bendeji imefungwa sawasawa. Sista alimwambia haijafungwa sawasawa, akaifunga upya.

Alisikiliza upande wa kwanza wote, akigonga goti kwa kidole kizima. Kisha akaigeuza santuri. Radiogramu ilitoa mkwaruzo mtupu, na sindano ikateleza hadi katikati. Akairudisha mwanzo. Mkwaruzo tena. Akaitoa, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaupitisha ukucha juu yake.

"Hii imesuguliwa," alisema. "Kulikuwa na nini?"

Mama Pacha alikuwa mlangoni mwa jiko, akiwa na sinia mikononi. Nilimtazama Sista na nikajua, kwa hakika ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya jambo jingine lolote, kwamba hatasema uongo.

"Kulikuwa na wimbo wa binti yangu aliyefariki," alisema Sista. "Na maneno yangu. Nilisema jambo ambalo mwenyewe hakunipa ruhusa niliseme. Basi tukafuta."

"Mwenyewe nani?"

"Hiyo pia sina ruhusa, shemeji."

Aliendelea kuishika santuri kwa ncha za vidole. Alimwangalia mjomba, akaniangalia mimi, na nadhani alitabasamu.

"Kazini kwetu," alisema, "kila mtu husema hivyo siku ya kwanza."

Mama Pacha alikuja na sinia, akaiweka juu ya meza kwa namna ambayo ilimlazimu mumewe kuisogeza santuri. Alimwambia kwamba mama wa watu amefiwa, wimbo ni wa maiti yake, na kama anataka kumhoji mtu aliyefiwa siku ya Jumapili angojee kwanza wageni wanywe chai, kwa sababu yeye amesimama jikoni tangu asubuhi. Alisema kwa uchovu wa kawaida wa mke, bila hata kumtazama Sista. Bwana yule alishusha pumzi. Alisema kwamba hakujua ni wimbo wa msiba, na akaomba radhi kwa Kiswahili kizuri.

Kisha akaigeuza santuri upande wa kwanza, akaweka sindano, akachukua andazi. Mama Pacha alimimina chai, akaanza na kikombe cha Sista, akakijaza hadi ukingoni.